Kilio cha Mafuriko ya Zamani

Nilikuwa nimechoka kufunga maboksi ghalani Jeffersontown, na makumbusho ya kaunti hapa Louisville, Marekani, yalikuwa yanatafuta mtu wa kuwatembeza wageni. Bosi wa pale, mama wa Kizungu mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, aliniambia nilete kundi Jumamosi. Akiridhika, kazi ni yangu. Kundi ningelitoa wapi? Nikawachukua akina mama wa kwaya ya kanisa letu, Wakongo kama mimi, na mama yangu mzazi akiwa mbele.

Chumba cha kwanza, cha reli na tumbaku, tulikipita salama. Cha pili kilikuwa na picha za mafuriko, mto Ohio umeingia mjini hadi kwenye mapaa. Kwa kiherehere changu nilisahau kusema kwamba ni mambo ya zamani, hata bibi yangu alikuwa hajaolewa. Nilikaza tu sauti ili bosi anisikie: "Hapa watu walikufa."

Mama akanitolea macho, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo chenye Kifaransa ndani, ambamo watu ni batu: "Donc batu balikufa, na unatuambia tungali tunasimama?"

Kwetu habari ya kifo haipokelewi wima. Wakavua viatu, wakakaa sakafuni, mmoja akaanzisha wimbo wa kilio na wenzake wakaudaka. Bosi akaninong'oneza, kuna nini? Nikamjibu, bila haya, kwamba ndivyo nilivyoipanga ziara yangu.

Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitazama picha alisogea, akasema maji yale yalimchukua dada yake, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Nikatafsiri. Mama akamvuta mkono wa koti, akamketisha kando yake, na mzee akalia kwa sauti. Niliona aibu kweli, maana mle ndani mwongo nilikuwa mimi peke yangu.

Bosi alijifuta machozi, akaniambia kazi nimepata, mradi kilio kile kirudiwe kila Jumamosi saa nane mchana. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Garini nikawapa akina mama habari njema, ya kazi na ya kilio cha kila Jumamosi, nikingoja vigelegele.

Mama akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Bale tulishabalilia," alisema. "Unataka bakufe tena?"