Chiriku Akipanda Juu Anazeeka

Dada yangu tulishamzika pale aliponiimbia, kwa sauti ya kuvuta kabisa: "Wewe ndiye uliyemaliza sukaaari!"

Jikoni, sufuria ikamponyoka mama.

Nikazima spika haraka. Kimenuka.

Ngoja niwaeleze. Dada alikuwa mwimbaji, na ofisi moja ilimchukua awe sauti ya Chiriku. Chiriku ni mwimbaji wa kompyuta: msichana wa kuchorwa, nywele za kijani. Unamwandikia maneno, unamchagulia noti, anakuimbia.

Ili apatikane, dada alijifungia chumba cha kurekodia akiimba ba, be, bi, bo, bu, kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Mpaka usingizini alikuwa anabubujika silabi.

Ila Chiriku hakutoka. Ofisi ilimtangaza, ikaahirisha, ikaahirisha tena, kisha kimya. Mafundi walikuwa na neno lao: "Chiriku akipanda juu anazeeka." Chini anaimba msichana, juu anatokea mtu mzima. Walirekebisha wee, wapi!

Dada akaugua. Akatutoka. Kompyuta ya ofisi, aliyopewa amjaribie Chiriku nyumbani, ikabaki chumbani kwake, Chiriku akiwa ndani.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilichofanya ni kumwandikia Chiriku magomvi ya dada. Nani kavaa viatu vyangu. Funga mlango, mbu wanaingia. Sukari. Anaimba, nacheka peke yangu kama chizi, nazima. Mama sikumwambia, tangu mazishi hata redio hakutaka iwashwe.

Sasa siku hiyo ya sufuria, kabla mama hajaniuliza kitu, mlango ukagongwa.

Fundi sauti wa ofisini.

"Pole sana, mama. Nimetumwa kuchukua mashine. Kazi imefungwa, sauti inafutwa."

"Inafutwa?" nikaruka. "Ile ni sauti ya dada yangu!"

"Alisaini mkataba, mdogo wangu, sauti ni ya ofisi. Mimi natumwa tu."

Mama akafuta mikono kwenye gauni. "Washa," akaniambia. "Nimsikie kabla hajaenda."

Nikaweka wimbo unaopanda taratibu. Chiriku akaanza, na dada akajaa chumba kizima. Fundi akainamisha kichwa.

Chiriku akapanda juu.

Mama akacheka.

Yaani kicheko cha mtoto aliyefumaniwa na kijiko mdomoni.

"Mama, vipi?"

"Hapo si yeye. Hapo ni mimi."

Fundi akainua kichwa. "Wewe? Kivipi?"

"Siku ile ya kurekodi koo lilimkauka, sauti za juu hazitoki, anaogopa mtamfukuza. Nikampelekea chakula, nikakuta mwenye mitambo kaenda kula, kaacha mashine inarekodi. Akanivuta ndani: 'Mama, si wewe ulinifundisha kuimba? Nimalizie.' Nikamalizia zote, bakuli mkononi."

"Aliyeenda kula," fundi akasema polepole, "ni mimi."

"Najua. Ulirudi umeshiba, ukamsifu: 'Leo umepanda vizuri!'"

"Mama! Tumehangaika na huyu ndege mwaka mzima!"

"Poleni. Sasa, mwanangu alisaini. Mimi nilisaini wapi? Futa ya kwake, ya kwangu niachie."

"Haziachani, mama. Zimesukwa pamoja."

"Basi mashine haitoki hapa."

Fundi akaenda nje kumpigia bosi wake. Tulikuwa tunamsikia: "Ndiyo, mkuu... Mama yake, mkuu... Na bakuli, ndiyo."

Akarudi anajikuna kisogo.

"Bosi anasema mashine ibaki, sauti isifutwe. Ila anauliza, mama, huwezi kuja kurekodi na za chini? Chiriku atoke akiwa sauti ya mtu mmoja."

Mama akaiangalia ile kompyuta. Hakucheka tena.

"Mwambie za chini zina mwenyewe."

Basi Chiriku hajatoka mpaka leo. Yuko kwetu, chumbani kwa dada.

Juzi nimeamka nikasikia ananiimbia nikafue mashuka. Sikumwandikia mimi. Kutoka nje, mama yuko kwenye korido, anajifanya anafagia.

Nilichojifunza ni hiki: kucheka si kumsahau mtu. Na kama una ndugu mwenye kelele, mrekodi leo, hata kama anakugombeza.

Hasa akiwa anakugombeza.