Kengele ya Shavu

Kinyozi yule walimwita Mchokonozi, maana hakuweza kuona redio iliyokufa akaacha kuichokonoa. Uvunguni mwa kitanda alijaza mota za feni, spika zilizopasuka na nyaya za kila rangi. Mkewe alimtania, "Siku ukifa, mume wangu, watashindwa kujua wakuzike au wakuuze kwa kilo."

Kisha kiharusi kikamwangusha mke. Kikamwachia macho, masikio na shavu la kushoto, basi. Siku moja mate yalimpalia mke, mumewe akiwa uani anafua mashuka. Alimkuta midomo imegeuka rangi, akamlaza ubavu, akamwona anavuta pumzi kwa shida. Tangu hapo kinyozi alifunga duka, na hata kwenda msalani alikwenda mbio.

Alitaka kengele ambayo shavu lingeweza kuipiga. Swichi zake zote zilikuwa nzito. Akaanza kushinda jaani akipasua wanasesere wabovu, akitafuta kile kisahani chembamba cha shaba kinachowafanya walie. Kisahani hicho kikipewa umeme hulia. Kikibonyezwa, hata kidogo, hutoa umeme chenyewe. Vingi vilikuwa vimepasuka au kuliwa na kutu.

"Shemeji," alifoka mdogo wa mkewe, aliyekuwa akimshikia zamu ya kumwangalia mgonjwa, "dada anakufa, wewe unaokota wanasesere?"

"Ndiyo maana naokota."

Alipata kimoja kizima. Akakiunguza akikilehemu. Akaketi sakafuni akalia kwa sauti, bila kujali anasikika. Shemeji yake alitoka, akarudi na simu ya kuchezea ya mwanawe. "Pasua. Mtoto atalia, atanyamaza."

Safari hii alilehemu amebana pumzi. Akabandika kisahani shavuni mwa mkewe kwa plasta, akavuta nyaya hadi kwenye kengele uani. Kengele ikalia. Alikuja mbio: "Mate? Unaumwa?" Mke alimtazama tu, akaipiga tena, macho yakicheka. Alikuwa akimwita kwa kuwa sasa anaweza.

Furaha hiyo haikufika mbali. Kengele ilinyamaza. Mchokonozi akafungua kila kiungo, akabonyeza kisahani kwa kidole. Kengele ikalia vizuri kabisa. Ndipo akagusa shavu la mkewe. Lilikuwa limelegea kama lile jingine.

"Nitatafuta kitu kinachosikia pumzi," alisema. "Lazima kipo."

 Shemeji yake alivuta kiti hadi kitandani, akaweka kiganja kifuani kwa dada yake.

"Nenda, shemeji. Pumzi yake naisikiliza mimi."