Mechi ya nane ya Kipsirat

Umande haujakauka kwenye majani ya chai na ukungu bado umeufunika msitu wa Mau, lakini Eliakim Otiende ameshainama mbele ya rola. Anavuta, anasimama kupumua, anavuta tena. Chuma kinapita polepole juu ya ukanda mweusi katikati ya uwanja, kinafika mwisho, kinageuzwa, kinarudi.

Leo hakuna mechi. Wiki ijayo pia hakuna. Pembeni, pale wachezaji walipozoea kukaa wakisubiri zamu, miche ya chai imepangwa ndani ya vifuko vyeusi vya plastiki. Inangoja uwanja huu wa kriketi ulimwe ili igeuze hapa kuwa kitalu.

"Mkono umezoea," anasema Otiende akijifuta jasho kwa kofia. "Nikikaa kwa nyumba asubuhi, Mama Duke ananiuliza kama niko mgonjwa."

Ana umri wa miaka hamsini na saba. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameimaliza hapa Kipsirat, shamba la chai lililo juu ya Kimulot, kaunti ya Bomet. Alikuja kijana kutoka nyanda za Kano, kando ya ziwa, akaanza kwa kuchuma chai, kisha meneja wa wakati huo, mtu aliyependa kriketi kuliko kazi iliyomleta, akamtoa kwenye kikapu na kumkabidhi rola. Mshahara wake sasa ni shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi, na chumba kimoja kambini anachoishi na mkewe Syprose, ndiye huyo Mama Duke. Hakuna aliyewahi kutajirika kwa kulainisha ardhi.

Ukanda anaoulainisha, ule ambao mpira hudunda, wenyewe wanauita pichi. Udongo mwekundu wa huku unaipenda chai, lakini mpira ukidunda juu yake unaenda unakotaka. Kwa hiyo zamani lori lilitumwa hadi nyanda za Kano likarudi na udongo mweusi, ule unaoshikana ukikauka na kung'ang'ania kiatu ukilowa.

"Hii mchanga ni ya kwetu kabisa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Mimi nafanya kazi Bomet, lakini kila siku nimekanyaga Kano."

Kilichouua uwanja huu ni hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa na ubaya na mtu.

Zamani ligi ya mashamba ya chai ilipanga timu zake kwa njia rahisi: aliyeshinda mara nyingi alikaa juu. Kisha Janeffer Chemutai, karani wa duka la dawa za mifugo mjini Litein, akachaguliwa kuwa katibu wa ligi. Chemutai ni shabiki wa kriketi wa kukosa usingizi. Akasema kama timu za taifa duniani zinapangwa kwa akili katika kriketi ya siku moja, mashamba ya chai nayo yana akili.

"Kule hauangalii tu nani ameshinda, unaangalia ameshinda nani," anaeleza akiwa nyuma ya kaunta yake, huku mteja aliyefuata dawa ya kupe akisikiliza bure. Timu mbili zenye viwango vinavyokaribiana zikikutana, mshindi hupewa kiwango cha mpinzani wake na kuongezewa pointi hamsini. Aliyeshindwa hupewa cha mpinzani pia, lakini hukatwa hamsini. Zikiwa zimeachana mbali, mnyonge akimwangusha jabari huongezewa tisini juu ya kiwango chake mwenyewe. Jabari akimpiga mnyonge huambulia kumi. Pointi zote hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi ya mechi, na hapo ndipo timu hujua inakaa wapi kwenye jedwali.

Halafu kuna uzee. Kila Mei jedwali hupangwa upya. Mechi za mwaka uliotangulia hubaki nzima, zile za miaka miwili nyuma yake huhesabiwa nusu, na za kabla ya hapo hutupwa. Mechi isiyokamilika kwa sababu ya mvua haihesabiwi hata kidogo, na timu isiyo na mechi za kutosha haionekani.

Otiende aliielewa mara moja, kwa njia yake. "Ni kama majani tu. Ya leo, kiwanda inapokea. Ya jana, wanashikashika wakikunja uso. Ya juzi, rudi nayo kwako."

Hesabu hii haijaihurumia hata Kenya yenyewe. Mwaka 2003 timu ya taifa ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na Otiende anakumbuka walivyojazana kwenye banda la uwanja kusikiliza redio, wachumaji na manyapara bega kwa bega. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Ukilifungua jedwali la dunia leo utakuta majina kama ishirini, na la Kenya halimo.

Kipsirat nayo ilikuwa ikielekea huko huko. Mashine za kuchuma chai zilipoingia, wachumaji walipungua, na wachumaji ndio waliokuwa wachezaji. Mechi zikawa za kuokoteza. Meneja wa sasa, kijana wa maneno machache, akakubaliana na ligi kwamba kampuni itatunza uwanja wa timu iliyo kwenye jedwali tu. Ligi inataka mechi nane. Chemutai alipopiga hesabu mwezi Aprili, akaona kwamba Mei ikifika, za Kipsirat zitabaki saba.

Ilibaki mechi moja ya kuwaokoa, dhidi ya Litein, timu ya wenye maduka na waendesha bodaboda. Mvua ilikuwa imeiahirisha mara mbili. Sasa ilipangiwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili, na hapakuwa na siku nyingine, kwani Jumapili huku watu wako kanisani na hakuna wa kuwatoa.

"Hatukuwa tunataka hata kushinda," anasema Kimeli, dereva wa trekta ambaye ndiye nahodha. "Wangetuchapa vibaya, sawa. Bora tu mechi iishe."

Kazi ya Otiende ilikuwa kuulinda udongo wake. Mvua ya huku huja karibu kila alasiri wakati wa masika, mara nyingi na mawe. Kinga ni moja: turubai kubwa la kijani linalofunika pichi yote.

Jumatano ya wiki hiyo, Bilhah Aluoch alifariki katika hospitali ya Longisa baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Bilhah alikuwa mchumaji chai, mjane, jirani wa Otiende ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyewapikia wachezaji chai na chapati tangu redio ile ya 2003, na ndiye aliyebadilisha vibao vya namba kwenye ubao wa mikimbio, akimzomea mpigaji aliyetoka mapema kama aliyemwibia kuku. Mwili ulikuwa upelekwe kwao Nyakach Jumamosi asubuhi. Kabla ya hapo, kama ilivyo desturi ya kambi, watu wangekaa matanga nje ya mlango wake, wakiimba na kuchanga nauli ya gari na pesa za jeneza.

Na kambini Kipsirat turubai la uwanja ndilo turubai la matanga. Limekuwa hivyo kabla hata ya Otiende kulishika. Hakuna aliyetunga sheria. Ni kwamba hakuna turubai jingine la kuazima, na kukodi tenti mjini ni pesa ambazo mfiwa hana.

Fancy, bintiye Bilhah, alikuja Alhamisi jioni. Hakuomba. Alisimama mlangoni kwa Otiende akasema, "Baba Duke, watu wameanza kufika."

"Sasa hapo ungemwambia nini?" anauliza Otiende. "Ati mama yako angoje, kuna kriketi?"

Ijumaa alasiri mawingu yalishuka kutoka msituni. Otiende alikuwa ameketi kwenye benchi kati ya waombolezaji, chini ya turubai lake mwenyewe. Mawe yalianza machache, kisha yakamwagika. Yaligonga turubai hata wimbo ukazama. Kutoka pale alipokaa aliuona uwanja wote, na katikati yake ule ukanda mweusi ukigeuka mweupe.

Kimeli, aliyeketi mbele yake, aligeuka akamtazama. "Mzee," alisema polepole, "pichi."

"Naona."

"Si tutoe tu hii, tukimbie nayo?"

Otiende aliwatazama wanawake waliokuwa wamemzunguka Fancy, na watoto waliolala juu ya khanga. "Na hawa tuwaweke wapi, Kimeli?"

Wakakaa hivyo mpaka mawe yakaisha, mmoja akitazama uwanja na mwingine akitazama miguu yake. Otiende hafichi yaliyompata saa ile. "Nililia," anasema. "Watu walidhani namlilia Bilhah peke yake."

Jumamosi gari liliondoka na mwili mapema. Waliobaki wakaingia uwanjani na magodoro ya zamani, blanketi na magunia ya vumbi la mbao, wakafyonza maji wakiwa wamepiga magoti. Watu wa Litein walipofika walivua viatu wakasaidia. Lakini Chepyegon, mwamuzi, alipobonyeza pichi kwa kidole gumba, kidole kiliingia. Akasema wangoje. Wakangoja asubuhi yote ikapita.

Walipoanza, ova, yaani zamu za mipira sita sita, zilipunguzwa hadi ishirini kwa kila upande, ambazo ndizo chache kabisa zinazoweza kuhesabiwa. Litein walipiga kwanza, wakamaliza. Kipsirat wakaingia. Mawingu nayo yakaanza kushuka.

Hapo ndipo Kimeli alipopata wazo la mtu aliyekata tamaa. Timu ikitolewa yote, mechi imeisha, hata ova zisipotimia. Akawaambia wapigaji wake watolewe. Wapige ovyo, wakimbie ovyo, mradi mechi iishe kabla ya mvua. Wiketi, kila moja ni mpigaji aliyetolewa, zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine, na kila moja ikashangiliwa na kambi nzima, jambo ambalo Chepyegon anasema hajawahi kuliona.

Wiketi nane kati ya kumi zilikuwa zimeanguka Kipkurui alipoingia. Kipkurui ni mpakiaji wa magunia kiwandani, na maishani mwake hajawahi kuuvusha mpira mpaka wa uwanja. Siku hiyo alifumba macho, akapunga gongo kwa nguvu zake zote ili akose. Mpira ukapaa, ukavuka kamba, ukavuka banda, ukazama ndani ya chai.

"Nilitaka kukosa, haki ya Mungu," anasema, na mpaka leo hawezi kulisimulia akicheka.

Mpira wa akiba ulikuwa umelowa ukafumuka uzi. Timu zote mbili zikaingia kwenye chai kutafuta, zikiinua matawi, zikiitana. Walipoupata na kurudi, ilirushwa mipira miwili tu kabla mvua haijafika. Ilikuwa ova ya kumi na saba. Mvua haikukatika tena mpaka jioni.

Mechi ikaandikwa kuwa haina matokeo. Mei ikaingia, na jedwali likatoka bila Kipsirat.

Chemutai anasema alikaa na lile jedwali siku nzima kabla ya kulituma. "Ningeweka tu jina lao, nani angejua? Lakini ningeweka leo, kesho mwingine aniambie nimwekee pia." Aliinuka akaenda kumhudumia mteja, na mazungumzo yakaishia hapo.

Meneja hakuwa mkali. Alikuja uwanjani mwenyewe, akamwambia Otiende kwamba miche itapandwa mvua zikipungua, na kwamba kitalu kitahitaji mtu wa kumwagilia. Kwa hiyo kazi bado anayo. Atamwagilia chai juu ya udongo wa Kano, na tayari amewaambia kwamba haitaota vizuri. Hakuna aliyemsikiliza.

Kambini watu hawamlaumu, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Angependa mtu amfokee. Syprose anasema siku hizi mumewe akisikia mvua juu ya mabati anaamka, anavaa viatu, anafika mlangoni, kisha anakumbuka na kurudi kukaa kitandani.

Hata hivyo wana mpango, yeye na Kimeli. Jedwali haliulizi mechi ilichezewa nyumbani au ugenini. Kule duniani haliulizi na Chemutai anakiri kwamba hapa pia haliulizi. Timu isiyo na uwanja inaweza kuwa na kiwango. Watacheza kila mechi kwa watu, wakianzia Litein mwezi ujao, mpaka nane zitimie tena. Wachezaji waliobaki shambani ni kumi. Wa kumi na moja atakuwa Otiende, ambaye miaka yote hii hajawahi kushika gongo kwenye mechi.

"Nitasimama mwisho kabisa," anasema. "Wakinitoa kwa mpira wa kwanza, angalau nimetoka."

Litein hawana cha kufunikia pichi yao. Wameomba Kipsirat ije na turubai lake, lile la kijani, ambalo sasa linakaa limekunjwa chini ya kitanda cha Otiende kwa kuwa banda la uwanja limeshabomolewa. Asubuhi hii, mlango wa tatu kutoka kwake, kuna mzee mchumaji aliyerudishwa kutoka hospitali na kuambiwa akae na watu wake.

Otiende anaishika tena mikono ya rola.

"Nimewaambia nitakuja nalo," anasema. "Kama hakuna msiba."