Weusi wa Jambia la Kifaransa

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya sentensi moja. Katika riwaya yangu mwanamke anachomoa jambia la Kifaransa la karne ya kumi na tisa, enzi za ulimbwende, na mhariri akaandika pembeni: "Umewahi kuliona?" Sikuwahi. Dada Zuhura, binti wa mama mkubwa, anafanya kazi za ndani Dubai, kwa madam anayekusanya vitu vya kale. Kabatini mwake lilikuwamo moja. Niliomba kuliona, nikapewa dakika kumi, Ijumaa baada ya sala.

Jumanne, Dar es Salaam. Ndege ilichelewa kwa saa saba. Afisa wa uhamiaji akaniuliza naenda kufanya nini, nami kwa ujinga nikasema naenda kuangalia jambia. Ilinichukua saa nyingine kumweleza riwaya ni nini.

Jumatano, Jumeirah Lakes Towers, Dubai. Nilifikia kwa Njoroge, mlinzi Mkenya anayefahamiana na Zuhura. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani umepanda ndege kuona kisu? Si ungeenda tu kwa bucha?"

Alhamisi nzima nilisubiri. Madam alikuwa Hatta, huko milimani. Miadi ikasogezwa Jumamosi, inshallah, kisha ikarudi Ijumaa. Nilikaribia kulia.

Ijumaa, Al Barsha, nyumbani kwa madam. Zuhura alinipokea mlango wa jikoni, uso umemchanua. Alikuwa ameniandalia. Jambia lilikuwa jeusi, akasema, aibu kumwonyesha mgeni. Asubuhi alilisugua kwa limau na majivu ya chetezo, kama tusuguavyo masinia siku ya arusi.

Nikaligeuza, nikitafuta weusi uliobaki. Mpini ulikuwa askari wa kale wa fedha, amevaa deraya, nyoka amemzunguka miguu. Mafundi wa Paris waliitia fedha ile weusi makusudi, ili kitu kipya kionekane kimetoka kwenye ngome ya kale, na kivuli kikae katika kila mkunjo. Sasa askari alimeta kama kijiko. Na makali hayakuwapo kabisa: lilitengenezwa kulala mezani na kufungua barua. Mauaji ya riwaya yangu nayo yakafa hapo hapo.

"Nimeharibu?" Zuhura akauliza.

Viza yake iko mikononi mwa nyumba ile, na wanawe wawili wanasoma Tanga kwa jasho lake. Kabla sijajibu, madam aliingia, akaliona jambia, akauliza nani amelisugua. Nikasema ni mimi, nililisafisha bila kumwambia mtu.

"Mwongo huyu, madam," akasema Zuhura. "Nimelisugua mimi."

Madam alilichukua jambia. Kisha akanyoosha mkono, akadai ufunguo wa kabati ambao Zuhura ameutunza miaka sita. Kazi ataendelea nayo. Kabati asiliguse tena. Kwangu alisema neno moja tu: khalas, yaani yamekwisha.

Nje nilimlaumu Zuhura kwa kuukataa msaada wangu. Alinitazama kama mtoto msumbufu. "Mdogo wangu, nyumba hii wananiamini kwa sababu sidanganyi. Wewe unaondoka kesho."

Jumamosi, uwanja wa ndege. Nimejifunza juu ya fedha, na juu ya kiherehere changu, ambacho nilikiita ushujaa kwa dakika nzima. Zuhura alipiga simu nikiwa foleni. Alitaka kujua kama ule weusi utarudi. Nikamwambia fedha ikiachwa huwa nyeusi yenyewe, ila huchukua miaka.

"Mingapi?"

"Mingi, dada."

"Basi nitakuwapo," akasema, akakata simu akaendelee na kazi.