Kitenge cha Mama Bahati

Niliondoka Louisville kwa sababu ya ukuta. Maktaba ya mtaani kwetu ilikuwa imenipa ukuta mmoja nionyeshe kazi zangu za mwaka mzima, na mwaka mzima nilikuwa nimechora: natoka ghalani Jeffersontown, ninakofunga maboksi, nakula wali wa jana, nashika brashi. Shida ni kwamba picha zenyewe ziko majumbani kwa watu. Za hapa mjini niliziazima zote. Ila ile niliyoipenda kuliko zote, ya Mama Bahati, ilikuwa Columbus, na bila hiyo ukuta wangu ungekuwa pilau isiyo na nyama.

Jumamosi asubuhi nikashika njia na gari langu, ambalo taa ya injini imewaka tangu nilinunue, nami nimeshaihesabu kuwa pambo. Baada ya Cincinnati mvua ikanyesha, nami nikawa nausomea usukani hotuba yangu ya kuiazima picha. Picha ile naijua kwa moyo: mama kakaa kitini, uso mkali wenye huruma ndani yake, na kitenge cha njano chenye ndege kilichonitoa jasho. Aliyeniagiza ni mwanawe, Bahati. Alinitumia picha ya simu ya siku ya harusi yake, mama kajifunika koti mpaka miguuni kwa sababu ya baridi. Sasa nani atamtundika mama wa bwana harusi na koti? Nikalivua kwa brashi, nikamvika kitenge cha mama aliyekaa jirani yake.

Columbus, mchana. Mama Bahati alinipokea kwa ugali na sombe, kisamvu cha kwao Kongo. Ukutani palikuwa na msumari mtupu.

"Mama, picha iko wapi?"

"Haiko hapa tena, mutoto yangu. Bon, kula kwanza."

"Nimeshiba, Mama."

"Donc sikia. Ile kitenge ulinivalisha ni ya upande ya bibi harusi. Siye upande ya bwana tulivaa ya buluu. Batu banakuja hapa, banaangalia, banacheka: Mama Bahati alihamia kwa bakwe! Njo nikaituma Buffalo, kwa Mama Riziki. Nguo ni ya kwabo, babebe na kichwa yangu."

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Mama zetu harusini huvaa imvutano, vazi la kujitanda begani, kila mmoja rangi aitakayo. Kwa Wakongomani kila upande una kitenge chake, na kuvaa cha wenzako ni kubadili timu katikati ya mechi. Niliona aibu, kusema kweli. Nikaomba radhi.

"Ukipaka buluu, utaionyesha kwa ukuta yako," akasema. "Ikibaki njano, hapana."

Nikakubali, huku moyo ukinilia kwa wale ndege.

Jumapili, baada ya ibada ndefu ambayo Mama Bahati hakuniruhusu kuikimbia, nikaelekea Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, kwa Mama Riziki, mama wa bibi harusi. Picha ilikuwa sebuleni juu ya televisheni, imezungushiwa taa za Krismasi.

"Angalia mukwe yangu anavyopendeza! Kila mugeni namuambia, huyu alikuja kwetu mwenyewe!"

Mjukuu wake akasema kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kwamba hiyo ni picha tu. Bibi alimtazama mpaka simu ikawekwa chini.

Nikamweleza kicheko cha watu na sharti la Columbus, nikatoa kopo la rangi. Mama Riziki akasimama mbele ya picha, mikono kaitanua.

"Buluu juu ya ndege yetu? Hata!"

Basi nikakaa sofani, juu ya kitambaa cha kufuma, sina picha, sina ukuta. Nilitaka kulia, nikanywa chai. Mama Riziki alinitazama, akaingia chumbani, akarudi na kitenge cha njano kilichokunjwa vizuri.

"Hii ilibaki ile siku. Mupelekee. Umuambie mi sikumuchekaka. Nilifurahi tu kumuona kwetu. Mutoto yangu ni wake sasa."

Kisha akaitungua picha mwenyewe, akaifunika blanketi.

Jumatatu nilirudi Columbus, picha imefungwa mkanda kiti cha nyuma. Nikampa Mama Bahati kitenge na maneno ya mkwe wake, neno kwa neno. Alikichukua, akaingia chumbani, akakaa huko mpaka nikaanza kupanga njia ya kurudi mikono mitupu.

Alipotoka, alikuwa amejifunga njano tupu, ndege na yote. Akaketi kitini na uso uleule niliouchora. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

"Bon," akasema. "Sasa picha yako haidanganye tena. Ipeleke vile iko."

Nilikuwa mlangoni, picha kwapani, aliponiita, kidole chake kikielekea miguu yake pichani.

"Mutoto yangu. Na hivi viatu vyekundu, ni vya nani?"

Picha ya Mama Bahati ilipata nafasi katikati ya ukuta, na watu wa pande zote mbili walikuja kuitazama. Mimi mwaka huu nachora watu mpaka kiunoni.