Mtama Kwenye Chachu Yangu

Nililea chachu yangu ya tangawizi kama mtoto, kila asubuhi naipa sukari na tangawizi iliyotwangwa, mpaka ikatoa mapovu. Ndiyo ingechachusha soda ya sherehe ya komunyo ya binti yangu. Shemeji, kaka wa mume wangu, akaja kwetu Hamugembe kutoka Kagoma, akanusa kopo la chachu, akamimina humo unga wa mtama, kama anavyofanya kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hata kuuliza hakuuliza!

Nilipomfokea, akacheka. "Shemeji, nimekuokoa. Ulisahau mtama."

Mume wangu naye akacheka.

Nikaimwaga yote migombani. Mchana nikawapakulia ndizi na maharage, nikanyunyizia juu unga mbichi wa mtama, sahani zote mbili.

"Kuleni," nikawaambia. "Leo sikusahau."