Anayesikiliza Kurasa

Je, umewahi kumsikia mtu akifungua daftari upande wa pili wa simu? Ni sauti ndogo sana, kama mtu anayekunja shuka chumba cha jirani. Lakini ukiisikiliza kwa miaka kumi na tisa, huwezi kuichanganya na nyingine.

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Mama wa miaka hamsini na minane ameketi kwenye chumba chenye meza nne, ghorofa ya pili, mwisho kabisa wa korido. Meza tatu ni tupu. Moja imebaki na duara la kikombe cha chai, nyingine na kalenda ya mwaka juzi chini ya kioo. Waliozikalia waliondoka mmoja mmoja, tangu ilipotangazwa kwamba mradi unafungwa.

Yeye amebana mkono wa simu ya mezani kati ya sikio na bega. Penseli ameichonga pande zote mbili, isije ikavunjika ncha katikati ya maongezi na mtu.

"Dada, hujambo? Wiki hii vipi huko?"

"Sijambo, Mama Sifuri. Hakuna kitu."

"Surua?"

"Hakuna."

"Kuhara?"

"Mama, si nimekwambia hakuna?"

"Haya. Fungua daftari nisikie."

Kicheko cha mtu aliyechoka. "Wewe utanizeesha." Kurasa zinasikika: moja, mbili, tatu. Kisha sauti ya muuguzi inabadilika. "Ngoja. Kuna watoto wawili wa kuhara hapa, wa Alhamisi. Siku hiyo sikuwa zamu."

Mama Sifuri anaandika mbili, anapiga mstari chini yake, anamuuliza muuguzi hali ya mguu wake, kisha anaipigia zahanati inayofuata.

Hiyo ndiyo kazi yake. Mradi huu wa kanda ulikuwa ukifuatilia magonjwa ya kuambukiza katika zahanati arobaini na tatu za mpakani, nchi tatu. Kila Jumatatu alizipigia zote. Zahanati isiyo na mgonjwa ilibidi iseme "sifuri" kwa mdomo wake, ndiyo maana wakamwita Mama Sifuri.

"Kimya si jibu," anasema. "Kimya labda simu imezima. Labda muuguzi mwenyewe anaumwa. Au watu wanaugua na hakuna wa kuwahesabu. Mtu akiniambia sifuri, nalala."

Sasa kila nchi inachukua zahanati zake chini ya wizara yake ya afya. Wajumbe wa nchi mbili walikuja wiki iliyopita wakabeba masanduku yao ya faili. Zimebaki zahanati kumi na nane, za nchi hii hii anayoishi. Ijumaa atakabidhi hizo pia, pamoja na simu na ufunguo wa mlango.

Hana kinyongo. "Nchi inatakiwa ijue wagonjwa wake yenyewe. Sisi tulikuwa wa kushikilia tu." Amewashikilia kwa mikataba ya miezi sita sita, iliyorudiwa mara thelathini na nane. Kila mmoja aliusaini akidhani labda ndio wa mwisho.

Hakuanza kazi akisikiliza kurasa. Hilo alijifunza mwaka wa tatu, Jumatatu iliyofuata maziko ya mumewe. Nyumbani kulikuwa kumejaa wageni, na yeye alitaka amalize mapema arudi. Muuguzi mmoja akamwambia sifuri. Akaandika sifuri.

Baada ya wiki mbili ikajulikana kwamba surua ilikuwa imeingia pale. Watoto kumi na mmoja waliugua, wawili wakafa. Majina ya wale wa mwanzo yalikuwemo daftarini siku ile ile aliyopiga.

"Simlaumu yule dada. Alikuwa na foleni mlangoni. Alijibu kwa kichwa tu, nami nikaandika kwa kichwa." Anakung'uta vumbi la penseli mezani, ingawa halipo. "Tangu hapo, bila kurasa siandiki."

Saa tatu anaingia ofisa kutoka wizarani, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, na fomu ya makabidhiano yenye safu saba: zahanati, simu, msimamizi na kadhalika. Anamwamkia vizuri, anafuta kiti kwa kiganja, anaketi.

"Mama, tujaze hizi safu tu, nisikuchoshe."

"Na habari ya kurasa utaiandika wapi?"

Ofisa anaipitia fomu juu hadi chini. "Haina pahali pake."

"Basi weka kalamu chini. Sogea usikie." Anabonyeza kitufe cha spika.

Wanasikiliza pamoja. Zahanati ya sita ina jogoo asiyenyamaza. Ya tisa hupatikana saa tano tu, muuguzi akipanda kutoka mtoni kwenda juu kutafuta mtandao. Ya kumi na nne inajibu upesi, sifuri kila ugonjwa, na ofisa anamwinamia mama na kunong'ona, "Huyu hajafungua."

"Mwambie wewe."

Ofisa anakohoa. "Kaka, samahani. Hebu fungua daftari tusikie."

"Loo," inasema sauti ile. "Mmekuwa wawili?"

Zahanati moja ipo ukingoni mwa mto wa mpaka, na ng'ambo kuna nyingine ya nchi jirani. Wagonjwa huvuka wakienda wanakotaka. Ni yeye aliyekuwa akiiambia hii kilichoonekana kwa ile. Sasa ziko kwenye masanduku mawili tofauti. Anaandika namba ya simu ya muuguzi wa ng'ambo pembeni mwa fomu, nje ya safu zote, kwa penseli. Kisha anaipitia tena juu yake kwa wino.

Kila anayempigia anamuaga vile vile. "Wiki ijayo atapiga mwingine. Mjibuni vizuri."

"Kwa hiyo sasa nadanganya kwa raha," anatania mmoja.

"Jaribu. Huyu naye ana masikio."

Wanacheka, kisha simu inakatika, na mama anabaki ameushika mkono wa simu kidogo kabla ya kuurudisha.

Anaishi peke yake kwenye vyumba viwili. Mwanawe wa pekee anafanya kazi mbali na humtumia salamu za sauti mwisho wa mwezi. "Simu yangu ya mkononi naichaji Jumapili," anasema, "na Jumapili nyingine naikuta bado imejaa."

Wale wa zahanati anawajua kwa sauti tu. Mmoja aliwahi kupita mjini akaja kumsalimia. "Tulikaa pale tukatazamana, hatuna la kusema. Alipofika stendi akanipigia, tukaongea nusu saa."

Ijumaa, saa nane mchana. Ofisa anahesabu: simu moja, ufunguo mmoja, faili kumi na nane. Makarani wake wawili wataanza kupiga Jumatatu, na amekwishawaeleza habari ya kurasa. Mama anazungusha waya wa simu taratibu, kwa mizunguko ya ukubwa ule ule, mpaka uishe.

"Kuna kilichobaki, mama? Chochote unachohitaji kwetu?"

"Hakuna."

Ofisa alikuwa ameinua kalamu asaini. Anaishusha.

"Umejibu haraka mno. Fungua daftari, mama, nisikie."

Mama Sifuri anacheka, akijifuta uso kwa ukingo wa mtandio. Kicheko kinakwisha. Ofisa hamharakishi, anaivuta fomu yake, yenye mistari ishirini na zahanati kumi na nane, anasubiri.

"Nilikuwa nataka Jumatatu mtu anipigie na mimi," anasema hatimaye, akiutazama waya mkononi. "Mniandike wa kumi na tisa, mkishamaliza wote. Aniulize tu wiki imekwendaje. Hata kama jibu langu ni sifuri."